Taa Iliyomjua Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Aprili

Daftari hili nimelinunua kwa amri ya fundi, si kwa kupenda kuandika. Fundi mwenyewe tunamwita Subiri, maana ndilo jibu lake kwa kila swali. Leo nimempelekea gari kwa mara ya tatu. Taa ya injini iliwaka njiani asubuhi, nikafika mlangoni kwake nikazima, nikawasha, taa kimya. Kompyuta yake ya kupimia magari inakumbuka kitu kimoja tu, kwamba presha ya mafuta ilishuka. Kwa nini ilishuka, haisemi.

“Dada,” akaniambia, “ugonjwa huu unakuja na kuondoka. Siwezi kuutibu nisipouona. Andika. Kila safari, saa ngapi, wapi, mvua au jua, umembeba nani.”

“Niliyembeba anahusu nini na presha ya mafuta?”

“Subiri. Wewe andika tu.”

Haya, naandika. Mimi ni dereva, mwaka wa kumi na tisa huu. Nina gari la dizeli la viti kumi, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nawapeleka wagonjwa watano wa figo hospitali ya kilimani kusafishwa damu. Mmoja wao ni mama mkwe wangu, ambaye naishi naye nyumba moja, mume wangu akiwa mbali kikazi mpaka Juni. Kwenda, Mama hukaa kiti cha mbele. Kurudi hulala kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu mashine humwacha hoi. Kile kiti cha mbele nilikipeleka kwa seremala mwezi wa pili akakiinua kwa ubao. Mama ni mfupi, na alikuwa akinung'unika kwamba anapelekwa hospitali kama gunia, haoni hata barabara. Seremala alipungukiwa skrubu moja akataka nirudi kesho yake. Mimi na kurudi kesho hatupatani. Nikachomoa skrubu kwenye kopo langu la vifaa, nikampa, kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Ijumaa, 18 Mei, mkaguzi wa hospitali atayakagua magari yote ya wagonjwa pale getini. Gari lenye taa ya injini halipati kibali, na lisilo na kibali haliingii. Watu wangu watano hawana gari jingine. Wiki mbili bila mashine ile, mtu hayupo.

Jumatano, 4 Aprili

Jua. Taa haikuwaka.

Ijumaa, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Taa imewaka saa moja na robo, katikati ya kilima. Waliokuwemo ni wote. Mama alisema dirisha la mlango wake linavuja na bega limelowa. Nikamwambia ajisogeze.

Jumatatu, 9 Aprili

Mvua. Imewaka palepale kilimani. Kurudi, haikuwaka.

Jumatano, 11 Aprili

Jua. Haikuwaka. Mama alinisimulia njia nzima jinsi mume wangu alivyochelewa kutembea. Nimekwisha kuisikia mara nane.

Jumamosi, 14 Aprili

Nimempelekea Subiri daftari. Alilisoma huku anakuna kidevu kwa bisibisi. “Mvua, inawaka. Jua, haiwaki. Una maji kwenye dizeli.” Akafungua chujio, na kweli, chini kulikuwa na maji kidogo, kiasi cha kijiko. Nilitaka kumkumbatia. Amebadilisha chujio na kulisafisha tangi. Nimerudi nyumbani nikiimba, mpaka Mama akauliza kama nimekunywa.

Jumatatu, 16 Aprili

Manyunyu tu. Haikuwaka! Nimempigia Subiri kumpongeza. Akasema nisubiri.

Jumatano, 18 Aprili

Leo nimeaibika.

Mvua ilikuwa kubwa, vioo havionyeshi kitu. Tulipoanza kupanda, taa ikawaka, na safari hii haikuishia kuwaka. Gari likaishiwa nguvu. Nakanyaga mafuta, injini inaguna tu, mshale umeganda, tunatambaa. Nyuma yangu lori la kokoto linapiga honi kana kwamba mimi ndiye ninayeleta mvua. Mwalimu, mgonjwa wangu mzee aliyestaafu kufundisha hesabu, ambaye huwa hanyamazi, alinyamaza. Niliwaona kwenye kioo, watu wanne wameshikilia viti vya mbele yao. Mama alikuwa amejibana upande wangu kukwepa maji ya dirisha, mkono mmoja kwenye kishikio, midomo inasoma dua.

“Twende hivyohivyo, mwanangu,” akasema. “Polepole tutafika.”

“Mama, naomba usiniongeleshe.”

Tulifika tumechelewa dakika arobaini na tano. Kuchelewa pale kunamaanisha kukatiwa muda wa mashine, maana nyuma yako kuna wengine. Mwalimu alikatiwa. Aliporudi garini miguu ilikuwa bado imevimba, akaniambia, “Dereva, usijali, nitapunguza kunywa chai.” Nilitamani anitukane.

Jumamosi, 21 Aprili

Subiri amesikiliza injini kwa kile kipande chake cha bomba, ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni, kama daktari wa kuku. Akasoma daftari tena. “Siku zote ni kilimani, ukiwa na mzigo. Kurudi mteremko, haiwaki. Si maji hili. Ni pampu ya mafuta inachoka.” Pampu kwenye maduka ya mjini hakuna. Ikiagizwa leo inafika wiki ya kwanza ya Juni, ukaguzi umeshapita. Nikasema aagize.

Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema nisubiri. Nilimrushia kitambaa cha grisi.

Jumatatu, 23 Aprili

Mvua. Imewaka. Mwalimu naye, kwa hesabu zake, akasema kutoka kiti cha nyuma, “Dereva, mimi nimegundua. Taa hii inamjua Mama. Kila ikiwaka, yeye yupo mbele.” Wakacheka wote. Nami nilicheka, nusu. Mama hakucheka.

Jumatano, 25 Aprili

Mvua. Imewaka. Mlinzi wa getini amechungulia dashibodi yangu akasema, “Dada, tarehe kumi na nane hiyo kitu ikiwaka, mimi sitakufungulia, hata unililie.”

Naandika haya nimekaa jikoni, kwa sababu nimesema neno ambalo sikupaswa kusema. Tulikuwa tunapika. Mama akaanza kwamba mwanawe angekuwepo angejua la kufanya, kwamba tangu utotoni alikuwa akifungua redio na kuzirudisha. Miezi minne naamka saa kumi, nabeba watu, naosha gari, nakaa kwa fundi, halafu anasifiwa aliye mbali kwa redio ya mwaka arobaini na saba! Damu ikanichemka. Nikasema, “Mama, tangu ulipoanza kukaa hapo mbele gari hili halijapata amani. Hata Mwalimu ameona. Labda mkosi ni wewe.”

Aliweka kijiko mezani taratibu, akanawa mikono, akaenda chumbani kwake. Hakuufunga mlango kwa kishindo. Afadhali angeufunga kwa kishindo.

Ijumaa, 27 Aprili

Mvua kubwa. Mama amepanda kwa mlango wa nyuma na kukaa nyuma kabisa, bila kuniangalia. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Taa haikuwaka, wala sikujali.

Jumapili, 29 Aprili

Nyumba ina watu wawili na hakuna sauti. Nimepika anachokipenda, akala vijiko vitatu, akasema asante kama mgeni. Jioni nikamsikia kwenye simu anamwambia binti yake, “Mimi kesho siendi. Wale wenzangu wana wajukuu. Gari lao liwafikishe wao salama.”

Nilisimama nje ya mlango ule na sahani mkononi. Nilimchukia mtu mmoja tu katika nyumba ile, na hakuwa yeye.

Nikaingia bila kubisha. Nikamwambia, “Mama, usipokwenda kesho, gari haliondoki. Mwalimu na wengine watakaa nyumbani kwa ajili yako. Chagua.” Ni kumtisha, najua. Ndiyo lugha niliyokuwa nayo. Akanitazama, akasema, “Una kichwa kigumu kuliko mwanangu.” Nikasema ndiyo. Akasema atakwenda, lakini atakaa nyuma.

Jumatatu, 30 Aprili

Mvua, tena yenye upepo. Mama nyuma. Kilima chote nimepanda na gia ya tatu kama mchezo. Haikuwaka.

Jumatano, 2 Mei

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, nilimshika Mama mkono mbele ya nyumba nikamwomba msamaha kwa sauti, majirani wakisikia, kwa sababu tusi nilimtolea kwa sauti. Nikamfungulia mlango wa mbele. “Hapa ndipo pako.” Akapanda. Mvua ilikuwa inanyesha, dirisha likamtiririkia, akajisogeza upande wangu, akashika kishikio. Tukafika kilimani.

Taa ikawaka.

Hakuna aliyecheka. Mama alitazama ule mwanga wa njano, halafu akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo sana, “Umeona.” Machozi yakamtoka, na mimi usukani mkononi, sina hata mkono wa kumfutia.

Nimewashusha, nimeegesha chini ya ukuta wa hospitali, nimelifungua daftari hili. Nimelisoma tangu mwanzo, mstari kwa mstari. Nilikuwa natafuta mvua. Tarehe 27 kulikuwa na mvua, haikuwaka. Nikatafuta kilima na mzigo. Tarehe 27 na 30 kilima kilikuwepo, watu ni walewale watano, haikuwaka. Si maji. Si pampu. Kilichobadilika siku hizo mbili ni kimoja.

Mwalimu alisema kweli, na mimi nilisema kweli kwa nia mbaya. Taa inamjua Mama. Lakini taa haimjui mtu, taa inajua waya. Na injini ya gari hili imelala wapi? Chini ya viti vya mbele.

Nimekumbuka seremala. Nimekumbuka kopo langu.

Alhamisi, 3 Mei

Naandika kirefu leo, na mkono ukichoka utachoka.

Saa mbili asubuhi tulikuwa kwa Subiri, mimi na Mama. Nilimweleza fundi kila kitu, pamoja na ubao. Akanitumbulia macho.

“Kiti kimeinuliwa? Mbona hukuniambia?”

“Uliniuliza kuhusu injini, hukuniuliza kuhusu kiti.”

“Na wewe hukuandika!”

“Nimeandika. Ukurasa wa kwanza. Umeuruka ukaanzia kwenye mvua.”

Akafunua ukurasa wa kwanza, akausoma mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuniambia nisubiri.

Akaunganisha kompyuta yake, akawasha injini. Akakaa mwenyewe kwenye kiti. Hakuna kitu. Lakini Subiri ni mwembamba kama spana, kiti hakikujua hata kama kuna mtu. Nikakaa mimi. Namba ya presha ikayumba kidogo, ikatulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, anatutazama kama anayetazama watu wakitafuta miwani iliyo kichwani mwao.

“Nyie mnakaa vibaya,” akasema. “Nipisheni.”

Akapanda. Akakaa katikati ya kiti. Namba ikatulia. Subiri akauma mdomo. Nami nikasema, “Mama, dirisha linavuja. Unanyeshewa.”

Akanielewa palepale. Akajisogeza upande wa dereva, akashika kishikio, akaegemea na uzito wake wote, kama anavyofanya kila siku ya mvua.

“Imeshuka!” Subiri akapiga kelele. “Imeshuka, imeshuka! Inuka, Mama!”

Akainuka. “Imepanda! Kaa!”

Akakaa. Taa ikawaka kwenye dashibodi, njano, mbele ya fundi, kwa mara ya kwanza mwezi mzima. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kitu kibaya. Subiri alizima gari, akawasha upya, akasema, “Tena.” Mama akakaa, ikawaka. Mara ya tatu hakungoja kuambiwa. Alikaa, akatunyooshea kidole, akasema, “Washa,” na ikawaka. Mafundi wa karakana jirani wakaja na mikono yao yenye grisi kutazama. Mmoja akauliza kuna nini.

“Huyu mama anawasha taa ya injini kwa makalio,” Subiri akasema, kisha akashtuka, “samahani, Mama.”

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, sikujua lipi ni lipi.

Tukafungua kiti. Ubao ulikuwa na skrubu nne. Tatu za seremala, fupi, zimeishia ndani ya mbao. Ya nne, ya upande wa dereva, ilikuwa ndefu ya bawaba za mlango, imepenya hadi upande wa pili na kutokeza urefu wa kucha. Chini yake panapita furushi la nyaya za injini. Waya wa sensa inayopima presha ya mafuta ulikuwa umechubuliwa ganda lake, shaba inang'aa. Kila Mama alipoegemea upande ule, skrubu ilishuka ikaugusa, kompyuta ya gari ikadhani mafuta yameisha presha, ikawasha taa na kubana nguvu ili kuiokoa injini. Pampu ilikuwa nzima. Gari zima lilikuwa zima.

Subiri akaishika skrubu juu, kati ya vidole viwili.

“Seremala gani huyu asiye na akili?”

Ningeweza kunyamaza. Seremala hayupo, wala hana namna ya kujitetea. Lakini Mama alikuwa ananitazama.

“Hiyo skrubu ni yangu,” nikasema. “Nilimpa mwenyewe, kwa sababu sikutaka kurudi kesho yake.” Nikamgeukia Mama. “Mkosi nilikuwa mimi.”

Nilingoja anipe ninachostahili. Alikuwa na haki ya kunisema mpaka jioni. Akaichukua skrubu mkononi mwa Subiri, akaifungia kwenye pindo la kitambaa chake, akasema, “Hii nakaa nayo mimi. Siku ukinipandishia sauti jikoni, naitoa naiweka mezani.”

Subiri ameukata waya pale ulipochubuka, akauunga kwa risasi ya kuyeyusha, akauzungushia utepe, kisha furushi zima akalipitisha ndani ya bomba la plastiki na kulifunga mbali na kiti. Ubao ameutoa. Dirisha nalo ameliwekea mpira mpya.

Ijumaa, 4 Mei

Mvua ya kumwaga. Mama mbele. Nimemwomba aegemee upande wangu makusudi, kilima kizima. Haikuwaka. Kule juu Mwalimu alipiga makofi na wengine wakafuata. Nimemwagiza Subiri afute oda ya ile pampu.

Jumatatu, 7 Mei

Mvua. Haikuwaka.

Jumatano, 9 Mei

Haikuwaka. Mama amesimulia tena habari ya mtoto aliyechelewa kutembea. Kumbe sikuwahi kuisikia mpaka mwisho. Mwishoni ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, saa nne kwa miguu, kwa sababu hapakuwa na gari.

Ijumaa, 11 Mei

Haikuwaka.

Jumatatu, 14 Mei

Haikuwaka. Usingizi umekuwa wa shida kidogo. Mkaguzi anakuja Ijumaa.

Jumatano, 16 Mei

Haikuwaka. Nimeosha gari mara mbili.

Ijumaa, 18 Mei

Foleni ya magari sita getini. La tatu mbele yetu limerudishwa, taa ilikuwa inawaka kama jicho la paka. Niliwaona abiria wake wakishuka kwenye matope na mifuko yao. Mlinzi akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilinitisha kuliko maneno yake.

Mkaguzi ni mwanamke mwenye miwani na sauti kavu. Akaniambia niwashe. Nikawasha. Taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, kama zinavyowaka siku zote, kisha moja baada ya nyingine zikazimika. Ya injini ikawa ya mwisho. Naapa ilikaa mwaka mzima. Ikazimika.

“Sawa,” mkaguzi akasema, akainua kalamu.

“Bado,” Mama akasema.

Mama akashika kishikio, akajisogeza upande wangu, akaegemea, akarudi, akaegemea tena, gari likayumba na Mwalimu akalalamika kule nyuma.

“Mama, unafanya nini?” mkaguzi akauliza.

“Nalipima. Wewe unaangalia tu, mimi ndiye niliyekuwa naiwasha.” Akaegemea mara ya mwisho kwa nguvu zote alizo nazo, akaikodolea macho dashibodi. Giza tupu. “Sasa andika.”

Mkaguzi akaandika. Akabandika kibali kwenye kioo kwa mkono wake mwenyewe, nacho ni cha mwaka mzima. Mlinzi akafungua geti, na tulipopita akapiga saluti. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya kiti cha mbele. Nikapiga honi ndefu kuliko inavyoruhusiwa hospitali, na watu wangu watano wakaingia kwenye mashine zao kwa wakati, kila mmoja.

Jioni nimemsomea Mama daftari hili lote. Sikuruka kitu, hata tarehe 25. Pale nilitaka kulifunga daftari, akaniambia niendelee. Nilipomaliza akasema kuna mahali pamekosewa. Wapi? Akasema kila siku nimeandika yeye amekaa wapi, lakini sijamuuliza hata siku moja amekaaje. Akaomba kalamu.

Jumamosi, 19 Mei

Naandika mimi, mama mkwe. Jana nilikaa mbele. Mvua ilinyesha, sikulowa. Taa haikuwaka. Ila tangu ubao utolewe sioni tena barabara. Nataka mto. Auchague mkwe wangu mwenyewe, na akiambiwa arudi kesho, arudi kesho.